Nyasi Namba Saba za Mugutha

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chifu, Mugutha, Jumatatu moja ya Januari, na kufikia saa nne watu kama hamsini walikuwa wamelisoma na kusikitika. Lilisema kwamba kila shamba lililochimbwa mawe lazima lifukiwe na kupandwa kitu kabla ya mwisho wa Desemba. Atakayeshindwa, shimo lake litazungushiwa seng'enge kwa gharama yake mwenyewe, na shamba halitauzwa wala kurithishwa mpaka shimo liishe.

Mtu wa hamsini na moja alilisoma akatabasamu. Huyo alikuwa Zacharia.

Zacharia hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu ambacho mwenyewe hakumpa. Zacharia alipewa, mara nyingi kwa mikono miwili. Alizaliwa Makongeni, Thika, katika nyumba za wafanyakazi wa viwandani, na tangu aache shule hakuwahi kushika kazi iliyompa jasho. Alikuwa na tai ya buluu, faili lenye kufuli, na helmeti nyeupe ya mjenzi mmoja ambaye bado anaitafuta. Miaka ile watu wote walipokimbilia kufuga kware, wale ndege wadogo wa mayai, yeye ndiye aliyewauzia walimu kware, na kware walipoanza kufa akawauzia walimu haohao dawa ya kware. Sasa alisimama mbele ya tangazo akawaona watu wote wenye mashimo wakitafuta mtu wa kuwaambia la kufanya. Kumwacha mtu katika hali hiyo bila kumwambia lolote ni ukatili, na Zacharia hakuwa mkatili.

"Bro," alimwambia mwenye pikipiki aliyekuwa hapo nje, "nani hapa ako na shimo na ako na pesa?"

"Shimo wako nalo wote. Pesa ni Mumbi peke yake. Huyo mathe aliuza mawe miaka na miaka, na hatumiangi."

"Mzee wake je?"

"Simeon? Alikufa. Ndani ya hiyo shimo."

Zacharia akavaa uso wa msiba, akapanda nyuma ya pikipiki.

Hadithi ya shimo lile ilikuwa fupi. Simeon alilichimba mwenyewe kwa nyundo na tindo kwa miaka kumi na moja, akasomesha watoto, akajenga nyumba ya mawe. Aprili moja, baada ya mvua, bamba la jiwe lilijiachia ukutani akiwa chini yake. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Tangu siku hiyo Mumbi hakuuza jiwe hata moja. Shimo lilibaki pale pale, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, kina chake kama nyumba ya ghorofa moja. Kila masika lilijaa maji, na kila lilipojaa Mumbi alikaa macho akisikiliza kama kuna mtoto wa jirani ametumbukia. Hakutaka kulipanda wala kuliuza. Alitaka lisiwepo. Alikwenda ofisini, akaenda kanisani, akaenda kwa wanasiasa wawili wa vyama viwili. Wote walimpa pole.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Wewe ni wa kanisa ama wa siasa?"

"Mimi ni wa nishati, mama."

"Hiyo ni kanisa gani?"

Zacharia alikaa, akafungua kufuli la faili, akatoa picha ya nyasi ndefu kuliko mtu. "Hii inaitwa Nishati Namba Saba. Imetoka Brazili. Inamea kwa jiwe, inamea kwa kokoto, hata kwa lami ukiiangusha kwa bahati mbaya."

"Namba moja mpaka sita zilienda wapi?"

"Zilikuwa za majaribio."

"Zikakufa?"

"Zikastaafu, mama."

Mumbi alimmiminia chai. Zacharia akaendelea, na tukiweka uongo kando alikuwa mtamu wa maneno. Viwanda vya Thika, alisema, vinachoma kuni kupata mvuke, na kuni zimekuwa ghali kama dawa za hospitali. Nyasi hii inakatwa, inakaushwa, inafungwa marobota, inatiwa kwenye tanuri la boila badala ya magogo. Unapanda mara moja, unavuna miaka kumi. Mizizi inashika udongo, shimo linakuwa shamba tena, watu wa tangazo wanakuja na kalamu wanaandika kwamba mama huyu amefanya vizuri.

"Na wewe unapata nini?"

"Baraka."

"Na nini ingine?"

"Ada ya mbegu. Laki moja na elfu themanini tu."

Mumbi aliangalia nje ya mlango, kwenye shimo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa na tamaa, na Zacharia aliujua uso huo kwa sababu ulikuwa umemlisha miaka ishirini.

Mama akainuka, akachukua mkebe wa majani chai juu ya kabati, akatoa shilingi elfu tano. "Hii ni ya kuonyesha nimekubali. Hiyo ingine utapata nikiona imemea. Na si mimi peke yangu. Niko na kikundi, wanawake thelathini na wawili, na karibu wote wako na mashimo. Lakini hawa watu waliuziwa kware."

Zacharia alipaliwa na chai.

"Pole, mwanangu. Sijui ni nani aliwauzia. Walisema alikuwa na tai. Tangu hiyo siku hawashiki kitu bado hawajakiona na macho."

"Watu wengine ni wabaya sana," alisema Zacharia akijipangusa kidevu.

"Sana. Sasa wewe panda kwangu, mimi nitawaleta waone. Wakiona imemea, wote watataka kupanda." Akasukuma sahani ya viazi vitamu karibu naye. "Lakini hiyo ya kumea kwa jiwe, hapana. Mimi ni mwanamke wa shamba. Lete udongo kwanza."

Zacharia alizidisha laki moja na elfu themanini mara thelathini na mbili akiwa juu ya pikipiki. Alizidisha tena Ruiru akinywa soda, na mara ya tatu akiwa kitandani, na kila mara jibu lilikuwa karibu milioni sita. Mtu mwenye milioni sita mbele yake haogopi udongo. Zaidi ya hayo, tayari alikuwa amepokea elfu tano, na elfu tano zikiingia mfukoni huanza kuita wenzake. Angejua bei yake, angezirudisha kwa mbio.

Udongo, alidhani, ni kitu cha bure. Gatongora walikuwa wanachimba misingi ya maghorofa kila kona, na malori yalizunguka yakitafuta mahali pa kumwaga. Alimpata dereva mmoja, Chege, mwenye lori jekundu na mdomo mrefu, wakakubaliana kwamba kwa pesa ya mafuta na ya chakula lori litakuwa linakuja Mugutha.

Lori la kwanza lilimkuta Mumbi ameketi kwenye kigoda langoni na fimbo ndefu mkononi.

"Shuka ufungue nyuma nione," alimwambia Chege.

"Cucu," alisema Chege, akimwita bibi kwa Kikuyu, "hii ni mchanga safi kabisa."

Mumbi akachokora kwa fimbo, akavuta nje ndara moja ya plastiki, kisha nusu ya sinki la choo. "Na hii ni ya nani?"

"Labda ni ya Mungu, cucu."

"Basi mrudishie. Kwa hii shimo haiingii takataka. Mawe sawa, udongo sawa. Takataka, hapana."

Chege alirudi na lori lake mpaka Gatongora, akampigia Zacharia simu. "Boss, huyu mathe ni wa mazingira ama ni malaika? Amenirudisha na choo ya watu!"

Ikawa hivyo Februari yote na Machi nusu. Malori yalikuja, mengine yakaingia na mengine yakarudishwa, na kila lililorudishwa lilimla Zacharia mafuta mara mbili. Lori la themanini lilipomwaga, shimo lilikuwa limebakisha urefu wa mtu kwenda juu, na Zacharia akamfuata Mumbi akisugua mikono.

"Mama, tupande sasa."

"Kwa hii udongo ya chini ya ghorofa? Hii haina kitu. Juu inataka udongo nyekundu. Mpaka hapa." Akamwonyesha kiwiko, kisha akafikiri, akamwonyesha bega.

"Udongo mwekundu unauzwa, mama."

"Najua. Na wale wanawake wananiuliza kila Jumapili, mtaalamu wako amefika wapi? Nikawaambia mambo yako yote ni ya hali ya juu. Sasa sijui niwaambie nini."

Zacharia aliuza gari lake, ambalo alikuwa akilitoa kwa wateja wakubwa tu. Alijiambia kwamba gari ni gari tu, na kwamba baada ya milioni sita atanunua lingine refu kidogo. Malori ishirini na nne ya udongo mwekundu yalikuja, na Mumbi hakurudisha hata moja.

La mwisho lilipomwaga, alimwomba Chege azime injini. Akavua viatu, akaviweka kando ya kigoda, akatembea polepole kutoka upande wa jikoni mpaka upande wa pili, juu ya udongo mpya, akasimama huko kidogo, akarudi. Chege alivua kofia ingawa hakuna aliyemwambia. Zacharia alikuwa anaongea na simu.

Ilibaki mbegu na barua. Mbegu alizipata Gatanga, kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe sita na ukingo wa mto uliojaa nyasi ndefu. Mzee aliitazama tai, akaitazama helmeti, akataja bei ya pikapu mbili za mashina. Zacharia alilipa bila kubishana. Mzee aliingia ndani, na kwa muda kukasikika sauti kama ya mtu anayekohoa.

Barua aliitaka yenye muhuri, kwa sababu wanawake wa kikundi huheshimu muhuri. Akaenda Thika, kwenye kiwanda kimoja cha kutia nguo rangi, akamwomba mwenye kiwanda, Savita, ambaye babu yake ndiye aliyekianzisha. Savita alimpokea palepale mbele ya boila, na miwani yake ilikuwa imejaa jivu.

"Nyasi yako ina unyevu kiasi gani?"

"Unyevu wake ni mzuri, Madam."

"Nimeuliza kiasi, sijauliza tabia. Robota moja lina kilo ngapi?"

"Inategemea robota."

Savita aliondoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa chake. "Zacharia, wewe hujui nyasi. Lakini magogo yanamaliza mimi. Mwaka huu bei imepanda mara tatu. Kama kuna mtu kweli atapanda, mimi nitachoma." Akaandika barua: kiwanda kitanunua nyasi kavu kutoka kwa mwenye shamba mwenyewe, zikishapimwa langoni.

"Ungeongeza hapo, 'kupitia kwa Zacharia'."

"Kwa nini? Nikitia wakala kwa boila, atatoa mvuke?"

Akagonga muhuri. Zacharia aliubusu ule muhuri kwa macho, hakusoma zaidi.

Mvua ya Aprili ilimkuta Mugutha ameshika jembe. Mumbi alisema kwamba kikundi hakitaamini mtaalamu asiyepanda mwenyewe. Akapanda mashina, kila moja na vifundo vitatu, viwili ndani ya udongo na kimoja nje, na kila alipokosea mama alimwambia kwa upole ang'oe aanze tena. Mei alipalilia. Juni alipalilia tena. Tai aliitundika kwenye mti wa parachichi, na siku moja mbuzi akaila nusu. Viganja vyake vilitoa malengelenge, kisha vikakomaa, na mahindi ya Mumbi nayo yakapaliliwa, kwa sababu yalikuwa njiani.

Nyasi zilimea. Hilo ndilo jambo ambalo Zacharia hakulitarajia kamwe. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuza kitu kikafanya kile alichosema kitafanya. Julai zilimfika kiunoni, Septemba zilimpita kichwa, na upepo ulipovuma pale palipokuwa shimo palisikika kama watu wengi wanaonong'ona. Kuna jioni alikaa akizitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akakumbuka milioni sita, akarudiwa na akili.

Wanawake walikuja Jumamosi ya pili ya Oktoba, mvua ya kwanza imeshanyesha. Wote thelathini na wawili. Kila mmoja alikuja na panga na gunia. Zacharia aliyaona magunia akadhani ni ya kukalia, kwa kuwa nyasi zilikuwa na umande.

Akavaa helmeti, akasimama juu ya kigoda. "Akina mama, watu wa maendeleo! Mbele yenu ni Nishati Namba Saba, kutoka Brazili!"

Mwenyekiti wa kikundi, Ndunge, Mkamba mpana mwenye sauti ya kengele, alivunja jani akalisugua vidoleni. "Mumbi. Hii si thaara?"

"Ni thaara," alisema Mumbi.

"Thaara, hii nyasi ya kulisha ng'ombe, iliyojaa kila mto?"

"Hiyo hiyo."

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Zacharia akaanza kueleza tofauti kati ya ng'ombe wa Brazili na wa hapa, lakini Mumbi alikuwa ameitoa kwenye leso ile barua ya kiwanda aliyomkabidhi. Aliisoma kwa sauti, kila neno, mpaka kwenye muhuri.

"Nilienda Thika nikamwona huyu Savita na macho yangu," akasema. "Nilibeba robota moja kwa kichwa. Alilichoma nikiona. Akanipatia pesa yangu mkononi."

Kicheko kikaisha. Wanawake waliangalia nyasi, wakaangalia udongo zilimosimama, na wengi wao waliangalia kwa muda mrefu mahali ambapo walijua kulikuwa na shimo.

"Haiya!" alisema Ndunge, akatema mate viganjani. "Twendeni."

Mapanga yakaanza.

"Ngojeni!" Zacharia aliruka kutoka kwenye kigoda. "Ngojeni, kuna utaratibu! Mbegu ina ada! Laki moja na... sawa, tuseme laki moja. Elfu hamsini! Shilingi hamsini kila shina!"

Mapanga yakasimama. Ndunge alimkaribia, akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kijana, kwenu ni wapi?"

"Makongeni."

"Hapana, kwenu kwenu. Kwa baba yako."

"Makongeni."

"Na babu?"

"Alikuja na kazi ya kiwanda. Sijui alitoka wapi."

"Aah," walisema wanawake kwa pamoja, na kulikuwa na huruma ya kweli ndani yake.

"Basi si makosa yako," Ndunge akasema. "Sikiza. Shina ya thaara, kamba ya viazi, mche ya ndizi, hiyo jirani haulizwi pesa. Anakuja na panga, anasalimia, anakata. Kesho zako zikikauka, wewe unaenda kwake. Ukiuza, siku yako ikifika utamwendea nani?"

"Kuna mzee Gatanga aliniuzia pikapu mbili!"

Ilibidi wanawake wawili wamshikilie wa tatu asianguke. "Alimuuzia! Ngai! Alimuuzia thaara!"

Kufikia saa nane magunia yalikuwa yamejaa na njia ya kutoka Mugutha ilikuwa na mstari mrefu wa kijani unaotembea. Zacharia alibaki ameketi kwenye kigoda. Mumbi alimletea chai akakaa chini karibu naye, kwenye udongo.

"Mama, wewe ulijua?"

"Nijue nini?"

"Kwamba mimi ni... kwamba hii kitu..."

"Mwanangu, uliniambia nyasi inamea kwa lami."

Zacharia alikunywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

"Miaka tisa," Mumbi akasema, "nilipika na hii shimo ikiniangalia. Watu wazuri walikuja hapa, watu wa maombi, watu wa ofisi, wakasimama pale ukingoni wakasema pole. Hakuna mtu alikuja na karai moja ya udongo. Wewe muongo umeleta lori mia moja na nne. Nilikuwa nahesabu." Akatoa kitambaa, akapangusa pua. "Elfu tano yangu sitaki unirudishie."

"Nimeuza gari, mama."

"Najua. Nimekuombea."

Akainuka, akakata mashina kumi na mawili mazuri, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akamwekea begani. Zacharia alitaka kusema kwamba hana shamba la kuyapanda, lakini mama alikuwa ameshageuka kuondoka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alijikuta amepewa kitu bila kusema uongo.

Alitembea kuelekea barabara ya lami, helmeti kichwani, mzigo begani. Hakuwa amefika mbali gari jeupe lilipopunguza mwendo kando yake. Dirisha likashuka.

"Habari yako, Injinia. Mimi naitwa Nazir, nauza mabati Thika mjini. Hiyo ndiyo nyasi ya kuponya mashimo? Nimeona wanawake njia nzima. Mimi nilinunua ekari tatu huko Juja bila kuangalia vizuri, nikakuta kwari, shimo la mawe, katikati. Juzi mtoto wa mlinzi karibu aingie. Sasa silali. Niambie tu bei ya mbegu, sitabishana."

Kila kitu katika mwili wa Zacharia kilisimama wima. Laki mbili ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, imevaa tai. Lakini viganja vilimwuma, na begani maji ya nyasi yalikuwa yanamchuruzika shingoni.

"Mbegu haiuzwi," alisema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeng'olewa jino. "Mbegu ni bure. Kazi ni udongo, malori na malori. Na mtu wa kusimama langoni."

Nazir alimtazama kwa makini, kisha akacheka, akamtikisia kidole. "Wewe ni mjanja sana. Unaficha bei. Ingia, ingia, tutaelewana mbele ya shimo."

Zacharia akafungua mlango wa mbele. Wakati uo huo wa nyuma ukafunguliwa, gunia likarushwa ndani, na gari zima likainama upande mmoja.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza Nazir, akiangalia kwenye kioo.

Lakini Ndunge, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari akisikiliza yote, alikuwa ameshaweka panga magotini na kufunga mkanda.

"Mimi ni bosi yake," alisema. "Endesha."